Mama Bibiane na Tundu la Pumzi

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, jirani, na ninyi mlioacha shift zenu za Jumamosi mkaja, poleni na asanteni, mimi ni Nella, mtoto wa mwisho wa marehemu, yule mwenye degree mbili na kazi hana, mnanijua, mmeshanisema vya kutosha, na jana kwenye family meeting nilipewa ukurasa wa kusoma hapa, una tarehe zote, ila neno udongo halimo hata mara moja, basi nimeuacha nyumbani, nasoma huu nilioandika mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 huko Walungu, Kivu ya Kusini, akafuatiwa na mdogo wake mmoja tu, Mjomba Balthazar, shemasi wetu, aliyeketi hapa mbele. Alisoma école primaire hapohapo Walungu, toka Septemba 1967 hadi Juni 1973, akatolewa ili mdogo wake asome, akawa anashinda kwa bibi yake mfinyanzi, aliyemfunza kujenga chungu kwa mikono mitupu, na kumsimulia namna Nyamuzinda, ndivyo sisi Bashi tunavyomwita Mungu, alivyomfinyanga mwanamke wa kwanza kwa udongo wa bondeni, akamwachia tundu nyuma ya shingo, pumzi ipate pa kupita.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na baba yetu Murhula, aliyefariki mwaka 2004 katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Adrien mwaka 1985, nami mwaka 1996, na tarehe 17 Februari 2010 tukashuka airport ya Sydney na mabegi matatu. Alifua mashuka ya wazee katika nursing home moja kwa miaka minane, mpaka mgongo ukakataa, ndipo mwaka 2019 akajiunga na wafinyanzi wa Rooty Hill, hapa hapa Sydney, wenye tanuri lao la umeme. Mwalimu wao alimwomba afinyange hadithi za wenyeji wa nchi hii, Mama akamjibu, zile zina wenyewe, waulize wao, mimi za kwetu hata sijazimaliza. Akamfinyanga mwanamke wa kwanza, amepiga magoti, mkubwa kama mtoto wa miaka mitatu, na hapo ndipo maneno yalipoanza humu kanisani, eti Mama Bibiane anatengeneza miungu, Yvette wa choir akasema sanamu inamtazama, Mama akamuuliza, na wewe ukitazamwa unaogopa nini?

Tarehe 9 Juni 2023 Mjomba alimsaidia kuipeleka sanamu kwenye tanuri kwa van yake. Siku ya pili ikapasuka ndani ya moto, ikavunja kazi za watu sita, Mama akaomba msamaha kwa kila mmoja, akasema mikono yangu imezeeka, akaacha kabisa. Novemba ya mwaka huohuo figo zikafeli, ikawa dialysis, damu kusafishwa kwa mashine, mara tatu kwa wiki, na wapo waliosema, voilà, Mungu amejibu. Nimewasikia. Majina ninayo.

Tarehe 6 Februari mwaka huu wa 2025, hospitalini, mbele yangu, Mjomba aliungama kwamba siku ile ya kuipeleka sanamu, Mama alipoingia ndani kutafuta funguo, aliliona lile tundu la shingoni, akadhani ni mlango wa pepo, akaliziba kwa udongo mbichi na kuliombea. Ndugu zangu, sanamu ya udongo ni tupu ndani, mvuke na hewa ya moto visipopata pa kutokea, sanamu inapasuka, c'est tout, basi, hakuna pepo. Mama akacheka mpaka nurse akaja mbio.

Alirudi nyumbani, akaijenga upya juu ya meza ya jikoni kwa wiki tatu, akakataa kuitoboa, akaniambia, tundu atalitoboa Balthazar, kwa mkono uleule, mbele za watu. Tarehe 11 Machi, Jumanne, saa nne asubuhi, alituaga.

Sanamu ndiyo ile pembeni ya jeneza, ndani ya taulo bichi. Family meeting imeamua izikwe naye hivyohivyo bila kuchomwa, yaani mvua mbili tatu iwe tope, na aliyetoa hoja ni Mjomba, anaogopa mtasema shemasi amefungulia pepo mlango. Mimi taulo nimelimwagia maji siku kumi na moja, udongo umeshaanza kukauka masikioni, kesho ukitobolewa utapasuka.

Tunawashukuru madaktari, na manesi wa dialysis waliojifunza kusema jambo mama, jirani zetu waliopika wiki nzima, wenzake wa laundry, na wafinyanzi wa Rooty Hill, waliokuja leo pamoja na wale sita, na waliotuwekea nafasi katika tanuri.

Mjomba, dada yako aliacha shule ili wewe usome. Kijiti cha mshikaki cha kutobolea kipo juu ya meza hii, nimekilowesha. Hatubebi jeneza mpaka usimame.

Mama, pumzika kwa amani, sisi tunamngoja mdogo wako.