Pawasaplai Nyepesi

Haisi ilikuwa imetoka Kasulu kwenda Kibondo. Mbele yangu Crispin, mwalimu mgeni, alikuwa akimwonyesha jirani yake pawasaplai aliyotoka kununua. Kompyuta ya gemu ameiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, na kadi ya picha ni ya marehemu mdogo wake. Kilibaki kifaa hicho cha kuipa umeme.

Jirani, Mzee Hashimu mwenye duka la redio, aliipima mkononi kama anayenunua kuku. "Mwalimu, hii ndiyo wati mia sita?"

"Ndiyo imeandikwa, mzee."

"Kuandika si kazi. Mbona nyepesi hivi? Ya kweli huwa nzito."

"Dukani waliichomeka, ikawaka."

"Hata kwako itawaka. Ngoja uanze gemu, kadi ivute umeme. Yangu ililipuka ikaunguza kila kitu."

"Sasa nifanyeje? Kasulu nzima nimekuta hii hii."

Mimi gemu sizijui, lakini nilimwona Mzee Hashimu akiirudisha kwenye mfuko taratibu na kufunga fundo, kisha la pili, kama tunavyofunga dawa watoto wasiifikie. Nilimpenda kwa hilo.

"Kaa nayo tu," alisema akimrudishia Crispin mfuko. "Utapata nzito siku moja."

"Mzee, tangu tumzike sijaiona ile kadi ikiwaka."

Dereva alipozima gari stendi ya Kibondo, abiria walishuka. Crispin alikuwa bado ameketi, na vidole vyake vilishaanza kulegeza fundo la juu.