Kiti Kifupi cha Shangazi

Baada ya miaka thelathini na moja ya kusoma maombi ya watu wengine, Shangazi anafunga dawati lake tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye hati za utumishi na huko ndiko litakakobaki, kwa sababu hapa Kitengo cha Ruzuku hata wakurugenzi waliokuja na kuondoka walimwita Shangazi, na mmoja wao alikuwa amemzidi umri.

Kwa wasomaji wa idara nyingine, wanaotufahamu kwa kelele za mashine yetu ya kunakili tu, kazi yetu ni hii. Serikali hutenga fedha za kuwakinga watoto dhidi ya ukatili. Vyuo, shule na mashirika huleta maombi, wengine wakitaka kufanya utafiti, wengine kuendesha miradi. Sisi husoma, hukagua, kisha hupendekeza nani apewe. Ikisemwa haraka hivyo unaweza kudhani ni kazi ya kupiga mihuri. Shangazi alikuwa nao muhuri, ila mara nyingi hakujua ameuweka wapi. Miwani ndiyo usiseme. Tumeisaka chini ya meza na nyuma ya makabati, kumbe imetulia kichwani kwake.

Aliingia kama karani wa masjala, akasoma masomo ya jioni hadi akapata shahada, akapanda mpaka kuwa afisa mwandamizi. Masjala ndiko alikopata ugonjwa wake wa kutovumilia maneno matupu. Ombi likijaa wadau, warsha na kujengeana uwezo, alimpigia simu mwombaji na kumuuliza kwa upole mtoto yuko ukurasa gani. Shirika moja lilipekua kurasa huku simu ikiwa sikioni, likamkuta mtoto mwishoni kabisa, baada ya bajeti ya chai. Walirudi na ombi jipya, wakapewa, na mpaka leo ni marafiki zake.

Lakini kinachomtambulisha hasa ni kile kiti. Ni cha mbao, cha kumtosha mtoto wa darasa la kwanza, na alikitengeneza mumewe, fundi seremala, ambaye kila mwaka huuliza atarudishiwa lini. Kipo pembeni mwa meza ya kikao, na kila anayekuja kutetea ombi lake hupokewa kwa maneno yaleyale: "Hebu kaa kwanza." Tumeona maprofesa waliovaa suti wakikaa magoti yakikaribia kidevu. Tumeona mkuu wa shirika akivua viatu virefu ili aweze kushuka. Shangazi hakucheka hata siku moja. Sisi wengine tuliinama kuokota kalamu ambazo hazikuanguka.

Wageni hudhani ni mzaha, lakini kiti kina chanzo chake. Miaka ile ya mwanzo ya uafisa wake, Shangazi alipitisha ruzuku ya chumba cha kwanza cha kusikiliza watoto, mahali ambapo mtoto anaweza kumweleza mshauri yaliyompata. Chumba kilipendeza: zulia, rangi tulivu, wanasesere, na mlango wenye kioo, kwa kuwa mwongozo wetu wenyewe ulidai kioo ili mtoto asifungiwe na mtu mzima pasipo kuonekana. Watoto waliletwa, wakaketi, wakatazama mlango na kunyamaza. Mshauri alikuwa hodari, kila mtu alimsifu, lakini wiki nenda wiki rudi hali ikawa ileile.

Shangazi alikwenda kukagua. Alikuwa amechoka na safari, akajitupa pale anapoketi mtoto, akainua macho. Kupitia kioo kile tulichokidai sisi, aliliona benchi la kwenye korido, pale wanapongoja watu waliomleta mtoto. Mshauri huketi akiupa mlango mgongo, kwa hiyo hakuwahi kujua kwamba linaonekana kutoka ndani. Mtoto alitakiwa kusema anamwogopa nani, huku pengine mtu huyohuyo akimwangalia kutoka nje. Shangazi hakuanza na ripoti. Alishika ncha moja ya benchi, mlinzi akashika nyingine, wakalihamishia nyuma ya kona. Kioo kikabaki, na watoto wakaanza kusema. Amewahi kutuambia kwamba alilia njia nzima ya kurudi, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na tangu hapo hakupendekeza chumba chochote bila mtu kukaa kwanza mahali pa mtoto.

Vyumba vikawa vingi, na mwaka huu ndivyo vilivyomtia Shangazi majaribuni. Taarifa za ukatili ziliongezeka katika kila eneo lenye chumba. Mkurugenzi wetu wa sasa, mtu makini asiyependa fedha ya umma ipotee, aliuliza swali la haki: iweje fedha za kuzuia ziongeze matukio? Akapendekeza ruzuku ya vyumba isihuishwe. Kwa Shangazi hiyo ilikuwa sawa na kuwaambia watoto walioanza kusema wanyamaze tena. Tulimshauri, maadamu amebakiza miezi michache, aondoke kwa amani na vita awaachie wengine. Alitusikiliza vizuri sana, chai yake ikapoa kama kawaida, na hakufuata hata neno moja.

Alimgeukia mtafiti wa chuo kikuu ambaye zamani naye alikunja magoti kwenye kiti kile, na ambaye kwa ruzuku yetu nyingine alikuwa akikusanya takwimu za wodi za watoto. Wakalinganisha maeneo. Penye vyumba, taarifa zilipanda lakini watoto waliofikishwa hospitali na majeraha ya kupigwa walipungua. Pasipo vyumba, taarifa zilikuwa chache na wodi zimejaa. Watoto walikuwa wanasema mapema, kabla hawajaumizwa zaidi.

Shangazi aliyasoma hayo kikaoni bila mbwembwe. Mkurugenzi, ambaye tangu ateuliwe alikikwepa kiti kile kwa kisingizio cha magoti, aliinuka, akazunguka meza, akakaa. Hakuna aliyemwambia. Kutoka kule chini alitutazama mmoja mmoja, kisha akauliza, kwa sauti ambayo hatukuizoea, mtoto akishasema anakwenda wapi. Shangazi akajibu kwamba hilo ndilo swali alilolingoja miaka yote. Ruzuku ikahuishwa, ikaongezewa fungu la kumfuatilia mtoto baada ya kusema. Kumwinua Mkurugenzi kulihitaji watu wawili, na mwenyewe ameniruhusu niandike hivyo.

Ijumaa iliyopita fundi seremala alikuja kuchukua kiti chake. Alipoelezwa yaliyotokea, alikipindua, akakaza mguu mmoja uliolegea, akakirudisha pembeni mwa meza. Akasema basi, tarehe 30 atakuja kumchukua mke peke yake.

Shangazi, asante kwa kutushusha. Tutakukumbuka sana, na wengine wetu tumeshaanza kulia kabla ya keki. Tunakuombea afya njema, chai ya moto, na baraza yenye kiti kirefu cha kuegemea. Hiki kifupi kinabaki hapa. Jumatatu kuna maombi mapya mezani, na zamu ya kukaa ni yangu.