Kodi Niliyodhani Nimepunguziwa

Wengi wenu mkisimama hapa huanza kwa kumsifu Mungu. Mimi mnanijua, nimewachosha kwa maswali tangu siku ya kwanza: nani kasema, kaandika wapi, na yeye alijuaje. Leo nimekuja kuwaeleza juu ya swali moja ambalo sikuuliza.

Binti yangu ana miaka minane. Shuleni kwake Wheaton, hapa Maryland, alikuwa ameacha kuzungumza. Si kwamba hakujua kitu, aliogopa kuchekwa. Mwalimu wake aliniambia kwa upole kwamba muhula mzima hajaisikia sauti yake. Nikaamua nitamfundisha mwenyewe nyumbani. Lakini ningelazimika kupunguza shifti za kutunza wazee kule Rockville, na pesa ya nyumba ingetoka wapi?

Ndugu zangu, nikaja kwenye mkutano huu huu wetu, Wakenya na Watanzania. Dada mmoja Mtanzania, sitamtaja, akaeleza kwamba amesikia familia zinazosomesha watoto nyumbani hupata nafuu ya kodi. Nikaandika kwenye daftari: nafuu ya kodi. Nikapiga mstari mara mbili.

Naona Wakenya wenzangu mmeshaanza kutabasamu. Nilikokulia, kodi ni ile ya mwenye nyumba. Serikali unailipa ushuru. Kwa hiyo nilielewa kwamba nitapunguziwa pesa ya nyumba, na sikuona ajabu, maana wakati wa korona kuna watu hapa waliosaidiwa kulipa nyumba.

Nikapunguza shifti, nikapeleka taarifa kaunti kwamba mtoto atasomea kwangu. Barua ikarudi kusema wameipokea. Haikutaja nyumba hata kidogo. Na mimi, ninayesoma hadi maandishi madogo ya chupa ya dawa, nikajiambia hiki ndicho kibali. Nikaambatanisha nakala yake na hundi ya nusu kodi, kiasi nilichojikadiria mwenyewe, nikampelekea meneja wa jengo. Mwezi wa pili nikafanya vilevile.

Miezi hiyo miwili, jamani. Tulisomea kwenye meza ya jikoni, yeye bado na nguo za kulalia. Alinisomea kitabu kizima kwa sauti, akiigiza hata mbwa. Nilimrekodi kwa simu. Rekodi hiyo sijaweza kuisikiliza tena.

Mwezi wa tatu ikaja karatasi ya mahakama: nadaiwa zile nusu mbili za kodi ambazo sikulipa. Nikampigia yule dada kwa hasira, nikamuuliza nafuu yake iko wapi. Akaniuliza:

"Mdogo wangu, wewe ulielewa kodi gani?"

"Ya nyumba."

"Mungu wangu. Mimi nilisema kodi ya serikali."

Na hata hiyo, tulipokaa naye tukasoma sheria, hapa Maryland hatukuiona. Yapo majimbo yanayotoa nafuu kwa wanaosomesha nyumbani. Yeye alikuwa amesikia kwa binamu yake anayeishi mbali. Ile nafuu ya kodi ya serikali wanayopata wazazi kwa kuwa na mtoto ningeipata hata kama binti angebaki shule ya kawaida.

Tulihama kabla ya siku ya mahakama. Nikarudia shifti zote, na mtoto ikabidi aandikishwe shule kule Alexandria, jimbo la jirani, anakoishi yule dada. Nilipomwambia, aliniuliza kwa Kiingereza chake, nawatafsiria: "Mama, nimefeli?" Nikamwambia hapana, ni mimi. Hakuniamini.

Namshukuru yule dada. Alitufungulia mlango wake miezi minne, na hakuna siku aliyojitetea. Nawashukuru mliobeba vitanda vyetu, na yule mama mhasibu aliyenisomea fomu za kodi mstari kwa mstari, bila malipo na bila kunicheka. Deni la nyumba nimelimaliza. Tuna chumba chetu sasa, na Jumamosi namfundisha binti yangu.

Ninalowaachia ni dogo. Mkisikia nafuu imetajwa, ulizeni ni ya nini, ni ya jimbo gani, imeandikwa wapi, kabla hamjapunguza kazi. Na tunapozungumza Kiswahili hapa, tuulizane ni Kiswahili cha nani. Wapo wanaoniambia Mungu alikuwa na mpango katika haya. Nawaheshimu. Mimi bado nauliza. Ninachojua ni kwamba kila Jumatatu binti yangu hupanda basi la shule bila kusema neno, na ni mimi niliyempandisha.