Funda Moja kwa Maundu

Sogeeni, wanangu. Obadiah, acha kuangalia saa, kanisa halihami. Na wewe Tryphena, futa machozi, baba yako hajafa bado.

Gitaa hili limenilisha tangu mwaka wa sitini na nne, nilipokuwa mpakizi wa mizigo stesheni ya Voi, nikasikia santuri ya blusi, Mmarekani mweusi analia na nyuzi kama aliyefiwa jana, nikasema, kumbe kilio chetu Wadawida kina ndugu ng'ambo! Basi mimi na rafiki yangu Maundu tukapiga muziki baa zote, Voi mpaka Taveta, mimi sauti ya kwanza, yeye ya pili, watu wanasahau nyama mezani.

Mama yenu alipofariki nilimtungia wimbo. Maundu akaupeleka Nairobi, akautoa kwenye santuri kwa jina lake. Niliusikia redioni nikiwa kwa kinyozi, ndevu zimenyolewa upande mmoja. Iliniuma, wanangu, jamani iliniuma. Tangu hapo sikuuimba tena, na nyumba yake na yetu hazisalimiani.

Shamba la juu ni la Obadiah. La chini, pamoja na ng'ombe, ni la Tryphena, na gitaa pia ni lake. Usinune, Obadiah, wewe ulitaka kulifanya kuni!

Ila simwachii gitaa pamoja na ugomvi. Maundu yuko nje tangu asubuhi, na wewe Obadiah umemkataza kuingia, nimekusikia. Hasira yangu imezeeka kama mimi. Yako ndiyo bado mbichi.

Leteni maji ya miwa, tutase kama babu zenu: unapiga funda, unaitaja hasira yako, unaipuliza nje pamoja na yale maji. Najua, Obadiah, mchungaji wako hapendi. Haya, tumia maji ya mtungi, Mungu ni yule yule. Mimi nimejaribu alfajiri, pumzi haikufika. Nipulizie wewe, baba, ya kwangu na ya kwako.

Mtaje Maundu kwa jina. Hapana, kwa sauti... Hivyo. Puliza. Ahaa. Asante, mwanangu.

Mungu awape mvua... awape watoto wa kuwazika... Nimechoka. Tryphena, uzi wa tatu umelegea, ukaze. Obadiah, mfungulie mzee mlango. Mwambie tunauimba ule wa mama yenu, ashike sauti ya pili, kama zamani. Ya kwanza... Tryphena, ichukue wewe.