Vishikio vya Corolla ya Mwahija

Ukifika Nyasubi, pale Kahama, ukauliza wanakaa wapi watu wanaojua kila kitu na wasio na chochote, utaonyeshwa benchi lililoegemea ukuta wa gereji, mkabala na muuza kahawa. Asubuhi hiyo walikuwa watatu. Nkwabi, waliyembatiza Rada kwa kuwa hunasa habari kabla hazijatokea. Athanas, yaani Duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo, mchimbaji mstaafu aliyeingia mashimo yote kuanzia Geita hadi Masumbwe, na dhahabu pekee aliyo nayo ni jino, nalo alilinunua. Na Fikirini, dereva wa malori wa zamani, aliyefika Ndola, Goma na Bujumbura akarudi na mgongo mbovu na hadithi zinazorefuka kila mwaka. Siku hizi macho yake yameingia ukungu, hatofautishi mbuzi na bodaboda mpaka mmoja wao apige honi. Mbele yao, juu ya jeki, Corolla yake ya mwaka sabini na nane ilikuwa imeinua makalio kama bata anayetafuta kitu topeni. Vishikio vya springi za nyuma, vile vinavyozibana zile bapa za chuma kwenye bodi, vilikuwa vimeng'oka vyote viwili. Na kesho yake gari hilohilo lilitakiwa kumpeleka mkewe Mwahija Shinyanga, akasafishwe damu, maana figo zake zimegoma.

— Kutu hiyo, alisema Rada. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba gani, bhebhe? akauliza Duara. Kutu inajaza au inatoboa?

— Inajaza matobo.

Fikirini akacheka kuliko mzaha ulivyostahili. Aliutaka mjadala ubaki hukohuko kwenye kutu.

— Mimi nasema ni matuta, alisema Duara. Hapa na Shinyanga matuta ni mengi kuliko wapiga kura.

— Matuta hayang'oi viwili kwa mpigo! Rada akasogea ukingoni mwa benchi. Sikilizeni. Kuna jini pale karibu na Isaka. Linapanda siti ya nyuma, nauli halilipi, linashukia linapotaka.

— Jini lina uzito?

— La kawaida halina. Hili linakula dhahabu. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje tena?

— Ni jini la maji.

— Hilo dogo, alidakia Fikirini. Ndola niliona lori limekatika springi kwa dhambi za utingo. Halikuwa na mzigo hata kilo! Mchungaji alipomwombea tu, likanyanyuka lenyewe.

Wakacheka, naye akacheka nao, huku akijua. Alfajiri alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari akavipapasa vile vishikio kwa vidole. Chuma kilikuwa kimesukumwa kwenda juu hadi kikatoboa sakafu ya buti. Kutu hula polepole, shimo hupiga mara moja ukasikia. Kilichofanya vile ni uzito, tena uzito wa safari nyingi. Na dereva wa safari hizo ni Salmini, mwanawe. Juzi gari liliketi chini Tinde, likavutwa. Mwahija akafika nyumbani ndani ya lori la matikiti, miguu imemvimba. “Ni shimo tu, Baba Salmini,” alisema, akageukia ukutani.

Chini ya gari akatoka Agapiti, fundi wa kuchomelea, mtu wa Ushirombo aliyeanza kazi gereji hapo wiki hiyo. Hakuwajua wazee, wala wao hawakumjua.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Haya nimeyafagia kwenye buti.

Akaweka kopo benchini. Lilijaa vipande vya mawe ya kijivu yenye mishipa myeupe. Duara akaokota kimoja, akakilowesha kwa ulimi kama alivyozoea, akakiinua juani.

— Haya yametoka machimboni, alisema polepole. Yanapelekwa karasha kusagwa.

Rada akafungua kinywa.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika...

Akakifunga. Wote walijua nani huendesha, na nani huketi mbele wakati wa kurudi, amechoka hata shingo haimbebi.

— Mnyang'anye ufunguo, alisema Rada.

— Nikupe wewe?

Rada ana leseni. Benchi zima lilishaonyeshwa. Lakini sasa akawa anatazama sana ndani ya kikombe, akasema kesho ana msiba Nyahanga. Duara akasema yeye alichowahi kuendesha ni toroli.

— Samahani, mzee, alisema Agapiti. Mimi nauliza ya kazi tu. Nimeambiwa kesho linambeba mama mgonjwa. Nikilirudisha kama lilivyotoka kiwandani, litakuwa laini, mama hatarushwarushwa. Lakini likipakiwa mawe tena, litakatika njiani, naye yumo. Nikichomelea bapa nene, nikaongeza chuma kwenye springi, litabeba hayo mawe. Ila kila shimo mama atalipokea mgongoni, kwenda na kurudi. Sasa nichomelee la mgonjwa au la mawe?

Muuza kahawa akainamisha birika, akamjazia Fikirini kikombe.

Fikirini angeweza kumwita Salmini palepale. Salmini angeapa, tena angelia, machozi ya kweli kabisa, maana anampenda mama yake. Na kesho, mama akiwa kwenye mashine, angepakia.

— La mawe, alisema.

— Nene?

— Nene. Atakuwemo humo.

Agapiti akaitikia kwa kichwa, akarudi chini ya gari. Mashine ya kuchomelea ikaanza kulia. Fikirini akawageukia wenzake.

— Kati yenu, nani ana godoro la kuazima?