Dalali Anayetaja Upande Wake Mlangoni

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuuza nyumba za watu, dada yetu tunayemwita Mama Upande anastaafu Ijumaa hii.

Aliingia ofisini kama mpiga chapa. Mtihani wa leseni ya udalali aliufanya mara tatu, mara ya mwisho akiwa na mwanawe mgongoni, msimamizi akisaidia kumbembeleza. Leseni hiyo ya kwanza bado inaning'inia juu ya kabati la funguo, imepauka kwa jua.

Jina lake alilipata mlangoni. Kabla hajamfungulia mteja nyumba, husema: "Mimi ni wa muuzaji. Siri zako kaa nazo." Bwana mmoja mwenye haraka alianza kumtajia bei ya mwisho anayoweza kulipa, Mama Upande akaziba masikio na kuimba mpaka bwana akanyamaza. Nyumba aliinunua vilevile, na baadaye akatuletea kaka zake wawili.

Tulicheka sana. Mimi, dalali mwenzake, nilicheka kuliko wote, na nilikuwa na sababu.

Miaka kumi na tisa iliyopita, nyumba aliyozaliwa, yenye sakafu nyekundu iliyosuguliwa na marehemu baba yake, iliwekwa sokoni. Aliitaka, akaniomba nimwakilishe kuinunua. Nikakubali, na kwa siri nikamwakilisha mnunuzi mwingine pia, nikamnong'oneza dau la dada huyu. Yule akaongeza kidogo tu, akaichukua. Kesho yake Mama Upande alinishukuru kwa kuhangaika. Tangu hapo, akitoka kazini huzunguka njia ndefu ili apite chini ya dirisha la jikoni la nyumba ile. Nimemwona mara nyingi, nikageuza uso.

Sasa mwili umeniishia nguvu, na sitaki kufa na jambo hili. Jumatatu nilimweleza. Akaniuliza: "Kaka, siku ile ulikuwa upande wa nani?" Nikamjibu: wangu. Leseni yangu nimeirudisha kwa bodi ya madalali, pamoja na barua ya kueleza yote haya.

Nyumba ile imerudi sokoni wiki hii. Leseni ya dada imebakiza siku nne. Amekataa msaada wetu. Kwenye fomu ya dau lake la kuinunua, palipoandikwa "Unamwakilisha nani?", amejaza jina lake mwenyewe. Muuzaji atajibu Ijumaa.

Asante, dada, kwa miaka yote. Sote hapa ofisini tunakuombea mapumziko mema, na dirisha lile ulitazame ukiwa ndani.