Gadi Jeconia Makokha na Mizani ya Vifurushi

Tarehe 30 Juni 1958, Bwana Jeconia Makokha atashuka kutoka behewa la gadi kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia reli miaka thelathini na mmoja. Sisi wa stesheni ya Voi tumezoea kumwona akishuka kabla treni haijatulia. Siku hiyo tumemwomba asubiri isimame, tumpokee.

Alifika hapa mwaka 1927 kutoka Samia, kijana wa kubeba mizigo. Baadaye aliwekwa kwenye breki, kisha kwenye kubadilisha njia za treni, na mwishowe akapewa filimbi na bendera ya kijani ya gadi, msimamizi wa treni, kwenye njia ya Taveta. Alipokuwa zamu, hakuna mama wa Bura au Mwatate aliyeachwa chini na mkungu wake wa ndizi. Na wengi wanakumbuka siku ndovu alipokataa kutoka relini karibu na Maktau. Dereva alipiga honi mpaka akachoka. Makokha akawaambia abiria, "Mwacheni. Labda hana tikiti, anaona haya kupanda."

Alikuwa mtu mnene, na unene wake ulikuwa fahari yetu sote. Tulimwita Tangi, kwa heshima ya lile tangi la maji ya injini. Mke wake Ajiambo, ambaye sote twamwita Mama Elsie, alisifiwa kwenye mfereji wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa ajili ya tumbo lile. Huku kwetu mume akinenepa, husemwa amepata mke.

Februari 1956, treni ikiondoka Mwatate, kifua kilimbana na jasho likamtoka kama mtu aliyemwagiwa maji. Alipunga bendera kwanza, kisha ndipo akaketi juu ya gunia la viazi. Hospitalini walisema ni mshtuko wa moyo, wakamlaza wiki sita asiruhusiwe hata kujifunga viatu. Siku ya kutoka, daktari alimweleza kwamba moyo wake ulipata jeraha. Jeraha lingepona, lakini mwili ule ulikuwa mzigo mkubwa kwa moyo unaopona. Apunguze uzito polepole, aache mafuta na chumvi nyingi, atembee kidogo kila siku. Bila hivyo hatarudishwa kwenye treni. Kwa mtu aliyebakiza miaka miwili kustaafu, hilo lilikuwa sawa na kuondoka kwa mlango wa nyuma.

Alichagua kupimwa kwenye mizani ya vifurushi, ninayoisimamia mimi. Alisema amepima mizigo ya watu miaka yote, sasa ni zamu ya mzigo wake. Kila Jumamosi nilitia alama ya chaki kwenye mkono wa mizani, pale jiwe lilipotulia, na mbali upande wa kushoto, kwenye uzito mdogo, nikachora mstari alioutaka daktari.

Shida haikutoka kwenye mizani. Makokha alipoanza kupungua, maneno yalianza landi. Ilisemwa Mama Elsie anamnyima mzee chakula. Alipofika mferejini na ndoo yake, mazungumzo yalikatika. Rafiki yetu Mulei, mchungaji wa ng'ombe kule Ndara, alileta mkia mzima wa kondoo, mafuta matupu, akamwambia mama yule mlangoni, "Shemeji, mtu aliyerudi kutoka kaburini hapewi mchicha." Mama Elsie aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaingia ndani akalia.

Makokha aliona njia moja tu ya kumwondolea mkewe aibu, nayo ni kurudi kazini upesi. Basi akaacha kula. Chai ya rangi, kipande cha muhogo, basi. Jumamosi moja jiwe la mizani lilikimbia kushoto hata tukapiga makofi. Aliposhuka, ilibidi ashike mlango asianguke.

Kwa bahati Reuben, dresa wa kuuguza wagonjwa hospitalini, alikuwa pale akipokea sanduku la dawa. Alimtazama Makokha alivyoushikilia mlango, akasema, "Mzee, tulikwambia upunguze mafuta. Nani alikwambia ufunge? Mwili wenye njaa hula nyama yake wenyewe, na moyo nao ni nyama. Utaponya jeraha kwa kitu gani?"

Maneno hayo niliyapeleka nyumbani kwa mke wangu, Dinah. Alifunga khanga, akachukua mbaazi na ndizi mbichi zilizotoka kwao Mbololo, akaenda jikoni kwa Mama Elsie. Wakapika kimanga, vyote vikapondwa pamoja bila mafuta. Kesho yake ilikuwa samaki wa ziwa Jipe, wa kuchemshwa, na majani ya kunde. Makokha, mtu wa ziwa kubwa, aliwatazama samaki wale akauliza kama ni chakula au ni vijiti vya kuchokolea meno. Lakini alikula. Dinah alipenda kukisimulia kisa hicho, akicheka huku ameziba mdomo kwa upindo wa khanga.

Jumamosi iliyofuata jiwe lilirudi kulia kidogo. Makokha alihuzunika, Reuben akafurahi. Dinah naye alikuja na wanawake wa mferejini, na Mulei, wote wamsikilize dresa mbele ya mizani. Reuben akawaambia kwamba Mama Elsie alikuwa akipika dawa. Mulei alivua kofia. "Shemeji, nimekununia bure," akasema, na tangu hapo akaleta maziwa yaliyokwisha tolewa siagi. Alama za chaki zikaanza kwenda kushoto taratibu, kama treni inayopanda Mwatate. Makokha alianza kutembea hadi mtoni na kurudi. Januari 1957, daktari alimpa ruhusa, na filimbi yake ikasikika tena Voi. Mama Elsie alisimama jukwaani na ndoo yake tupu, asikie vizuri.

Oktoba iliyopita Dinah alifariki kwa kichomi, tukamzika Mbololo. Niliporudi kazini, chakula kilikuwa kimenikataa, na niliona hakuna aliyejua. Jumamosi ile Makokha aliingia na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Ilikuwa kimanga cha Mama Elsie, kilichopondwa kama Dinah alivyomfundisha. Alinishika mkono, akanisimamisha juu ya mizani, akachukua chaki. "Sasa ni zamu yako, Mwandawiro," akasema. Amekuja kila Jumamosi tangu siku ile, na alama zangu zimekwenda kulia.

Bwana Makokha, pamoja na mizigo yako tumeweka mfuko wa mbegu za mbaazi za Mbololo. Zipande Samia, Mama Elsie akupikie. Tunakushukuru kwa kutufikisha salama miaka hii yote. Ishi vema, kula vema, tembea kila siku. Chaki nimeibakiza kwenye mizani, upande wako na upande wangu, na sitaifuta.